Kila Kiumbe kwa Jina Lake

Kila mwaka wanafunzi wa sekondari hukariri maneno haya saba: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Huyakariri kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukiisha wengi huyasahau. Wazazi nao, wakiyaona katika madaftari ya watoto wao, hudhani kuwa hayo ni mambo ya wataalamu tu, yasiyomhusu mkulima, wala mvuvi, wala mama wa nyumbani. Sisi twapenda kusema leo kwamba maneno hayo yamhusu kila mtu, kwani ndani yake limo swali la haki na ukweli. Swali lenyewe ndilo hili: Mtu anapovitenga viumbe makundi makundi na kuvipa majina, je, anasoma utaratibu uliomo katika viumbe venyewe, ama anavibandika utaratibu alioubuni kichwani mwake? Tena, akikosea, ni nani alipaye gharama ya kosa lake?

Yafaa tuanze na mambo yenyewe jinsi yalivyo. Kila chenye uhai, kiwe kikubwa kama mbuyu ama kidogo kisichoonekana kwa macho, kimejengwa kwa seli, yaani chembe hai. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kwa hadubini kipande chembamba cha gome la mti, lile litengenezwalo vizibo vya chupa, akaona vijumba vidogo vidogo mfano wa sega la nyuki. Mwaka 1838 Mjerumani Schleiden alionyesha kwamba mimea yote imejengwa kwa vijumba hivyo, na mwaka uliofuata mwenzake Schwann akaonyesha kwamba hata wanyama ni vivyo hivyo. Mwaka 1855 daktari Virchow akafundisha kwamba kila seli huzaliwa na seli nyingine. Bakteria ni seli moja tu, basi. Mwili wa mtu mzima una seli zipatazo trilioni 30.

Seli hizo hazikukaa ovyo. Zile zifanyazo kazi moja hukusanyika zikawa tishu. Tishu mbalimbali hushirikiana zikawa kiungo, kama vile moyo, ini, au figo. Viungo hushirikiana vikawa mfumo, kama ule wa damu au ule wa kumeng'enya chakula. Na mifumo yote pamoja ndiyo kiumbe kimoja. Wala kiumbe hakiishi peke yake, bali huishi na wenzake wa aina yake, na viumbe vya aina nyingine, juu ya udongo, kwa maji na hewa. Utaratibu wa namna hii haukutungwa na mtu. Mioyo ilipiga na figo zilichuja tangu zamani sana, kabla hajatokea mganga wa kueleza kazi yake. Hapa mtu ni msomaji tu.

Lakini upo utaratibu wa pili, nao ni ule wa kuvipanga viumbe kwa aina. Hapa mkono wa mtu umo, maana kila lugha imepanga kwa namna yake. Tuitazame lugha yetu wenyewe. Kiswahili hupanga majina kwa ngeli. Jina la kifaru laanza kama la kiti na kisu, lakini hatusemi "kifaru kimelala". Twasema "kifaru amelala". Lile gari la vita la chuma, ijapokuwa tumelipa jina hilo hilo, ndilo tusemalo kuwa "kifaru kimeharibika". Mti nao u hai, wala hakuna abishaye. Hata hivyo hatusemi "mti ameanguka", bali "mti umeanguka". Basi wahenga wetu hawakupanga kwa uhai. Walipanga kwa pumzi na mwendo. Mtu, mbwa na sisimizi wakawatia katika ngeli moja: mtu amelala, mbwa amelala, sisimizi amelala. Uyoga wakauhesabu pamoja na vitu visivyokwenda.

Je, walikosea? La, hawakukosea, kwa kuwa ngeli za lugha zatimiza kazi yake, ndiyo kusema na kuelewana. Elimu ya viumbe ina kazi nyingine, yaani kujua nani ni ndugu ya nani. Katika kazi hiyo macho ya kawaida hudanganyika mara nyingi. Uyoga, kwa ukoo, uko karibu na wanyama kuliko na miti. Nyangumi ambaye wavuvi wengi humwita samaki, hupumua kwa mapafu na kunyonyesha mtoto wake kama ng'ombe. Fisi anafanana na mbwa kwa umbo, lakini yuko upande wa paka. Na pimbi, yule mnyama mdogo wa majabali adhaniwaye kuwa jamaa ya sungura, ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva wa baharini. Wahenga walionya kwamba ukimwona simba amenyeshewa, usidhani ni paka. Tukiongeza, twaweza kusema kwamba simba na paka ni jamaa moja kweli, ila si aina moja. Na hekima yote ya kupanga imo katika kuyajua hayo mawili kwa pamoja.

Mtu aliyeipa dunia njia ya kufanya kazi hiyo kwa utaratibu mmoja ni Mswidi Carl Linnaeus, aliyezaliwa mwaka 1707. Mwaka 1735 alitoa kitabu cha kurasa chache kubwa, Systema Naturae, ambamo alipanga mawe, mimea na wanyama. Baadaye akaanzisha desturi ya kukipa kila kiumbe majina mawili ya Kilatini, la kwanza la jenasi na la pili la spishi: mimea mwaka 1753, wanyama mwaka 1758. Kwa desturi hiyo simba ni Panthera leo, chui ni Panthera pardus, na paka wa nyumbani ni Felis catus. Asomaye majina hayo aona mara moja kwamba simba na chui ni watoto wa mlango mmoja, na paka ni wa mlango wa jirani katika familia ile ile. Juu ya familia ipo oda ya wala nyama. Juu yake ngeli ya wanyama wanyonyeshao. Juu yake faila ya wanyama wenye ugwe mgongoni. Na juu ya yote himaya ya wanyama.

Faida yake ni dhahiri. Katika lugha yetu neno nyumbu lamtaja baghala, mtoto wa punda na farasi, na pia lamtaja mnyama wa porini wa mbuga za Serengeti. Watu wawili waweza kubishana siku nzima juu ya nyumbu, na kila mmoja akawa anasema kweli. Jina la Kilatini humaliza ubishi huo, kwa Mswidi na kwa Mmasai sawasawa. Baada ya Linnaeus, mwaka 1859, Mwingereza Charles Darwin alieleza kwa nini viumbe hupangika hivyo: wanaofanana kwa ndani hufanana kwa sababu wametoka katika ukoo mmoja wa zamani. Na tangu mwaka 1953, umbo la DNA lilipojulikana, wataalamu wamejifunza kuusoma ukoo huo katika maandishi yaliyomo ndani ya kila seli. Kwa kuyasoma, orodha imesahihishwa mara nyingi. Mwaka 1977 Mmarekani Carl Woese aligundua kwamba viumbe vidogo vilivyodhaniwa vyote kuwa bakteria, kwa kweli ni makundi mawili yaliyotengana tangu kale. Hivyo jibu la swali letu la kwanza ni kwamba utaratibu umo katika viumbe, lakini mtu husoma polepole, na hufuta na kuandika upya. Spishi zina mipaka iliyo wazi kwa sehemu kubwa. Ngazi za juu zimewekwa na watu ili kurahisisha, juu ya msingi wa udugu ulio wa kweli.

Sasa tuje kwa swali la pili, la gharama. Aliyepewa kazi ya kupanga aweza kukosa kwa njia mbili. Aweza kuchanganya vilivyo mbali mbali, na aweza kutenga vilivyo kimoja. Makosa yote mawili yamewaua watu.

Mfano wa kosa la kwanza ni mbu. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa ilijulikana kwamba malaria huletwa na mbu aitwaye Anopheles. Lakini katika Ulaya palikuwa na fumbo: nchi nyingine zilijaa mbu hao, wala malaria haikuwako. Katika Italia bwana mmoja, jina lake Falleroni, mkaguzi wa afya aliyekwisha kustaafu, alikaa akiyachunguza mayai ya mbu kwa uvumilivu. Mwaka 1926 alionyesha kwamba mbu waliodhaniwa kuwa aina moja hutaga mayai ya alama tofauti. Walikuwa aina kadhaa zenye sura moja. Wengine hueneza ugonjwa, wengine hupenda damu ya ng'ombe.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yalikuwa hayo hayo. Kati ya mwaka 1955 na 1959, katika nchi ya Upare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrin ili kuwaua mbu. Anopheles funestus, aliyekuwa akiwauma watu usiku majumbani, alitoweka. Lakini mbu wanaofanana naye sana wakaongezeka. Mtu asiyejua angalisema kwamba dawa imeshindwa na adui amerudi. Walipochunguzwa ilionekana kwamba ni Anopheles rivulorum, apendaye damu ya wanyama kuliko ya watu. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wataalamu waliwazalisha pamoja mbu wa Anopheles gambiae kutoka mahali mbalimbali, wakaona kwamba mara nyingine madume waliozaliwa walikuwa tasa. Ndivyo ilivyojulikana kwamba jina moja lilifunika spishi kadhaa. Gambiae mwenyewe hupenda mtu na nyumba. Arabiensis huuma mtu na ng'ombe pia, mara nyingi nje ya nyumba. Quadriannulatus hamjali mtu.

Mambo haya si ya darasani tu. Chandarua humkinga alalaye ndani na mbu aumaye ndani. Mahali pengi pa Kenya na Tanzania, vyandarua vilipoenea, gambiae alipungua sana, na arabiensis akabaki kuwauma watu nje jioni. Afisa wa afya asiyewatofautisha hao wawili atahesabu mbu, atakuta bado wapo, naye hatajua kama kazi yake imefanikiwa ama imeharibika. Fedha zitatumika, na watoto watakufa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kutenga na kutaja majina sawasawa ni mchezo wa wasomi. Yule atazamaye kwa uangalifu yai la mbu, usiku na mchana, afanya kazi ya huruma, hata kama hajui ni mtoto gani aliyemwokoa.

Mfano wa kosa la pili, la kutenga vilivyo kimoja, ni sisi watu wenyewe. Linnaeus alipoandika orodha yake, hakujiacha nje. Mwaka 1735 alimtia mtu pamoja na nyani, na mwaka 1758 akampa jina la Homo sapiens. Wengi walichukizwa. Sisi hatuoni sababu ya kuchukizwa, kwani lugha yetu ilikuwa imekwisha kumtia mtu katika ngeli moja na sisimizi, na hakuna mzee wa pwani wala wa bara aliyejiona ameshushwa. Tuna damu, mifupa na maziwa kama wanyama wengine, na kukiri hivyo ni kusema kweli. Heshima ya mtu haipungui kwa sababu hiyo. Kati ya viumbe vyote ni yeye peke yake auliziaye majina ya wengine na kuyaandika.

Ubaya ulikuwa mahali pengine. Linnaeus alimgawa mtu sehemu nne: Mzungu, Mwamerika wa asili, Mwasia na Mwafrika. Mwaka 1735 aliwatofautisha kwa rangi. Mwaka 1758 akaongeza tabia. Mzungu alisema kuwa ni mwerevu na mvumbuzi, aongozwaye na sheria. Mwafrika alisema kuwa ni mvivu na mwenye hila, aongozwaye na matakwa ya ghafla. Mtu yule yule aliyehesabu kwa makini nyuzi za kila ua, alipofika kwa wanadamu aliacha kuhesabu, akaandika uvumi. Hapo twaona hatari iliyomo katika kazi hii. Anapopanga maua, mpangaji yuko nje ya orodha. Anapopanga watu, yumo ndani yake, naye ni hakimu katika kesi yake mwenyewe. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Kama mambo yangalibaki kitabuni, labda yangalisahauliwa. Lakini orodha hupenda kuwa sheria. Katika Afrika ya Kusini, sheria ya mwaka 1950 iliamuru kila mtu aandikwe kabila la rangi yake: Mweupe, Mweusi au Chotara; na baadaye Wahindi nao wakatengwa. Pale maafisa walipokuwa na shaka, iliwahi kutumika penseli: ilichomekwa katika nywele, na ikidondoka mtu huyo ni wa upande huu, ikishika ni wa upande ule. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuandikwa tofauti, wasiruhusiwe kukaa mtaa mmoja. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1991.

Na katika Rwanda, jirani yetu, watu wa lugha moja, wa vilima vile vile, walikuwa na majina ya Wahutu, Watutsi na Watwa. Majina hayo ni ya zamani, na tofauti za cheo na mali zilikuwako. Lakini mtu aliweza, kwa mali au kwa ndoa, kutoka jina moja na kuingia jina jingine. Watawala wa kikoloni, wataalamu wao, na hata baadhi ya wamisionari waliandika kana kwamba hao ni aina mbalimbali za watu. Walipima urefu na pua. Katika miaka ya 1930 serikali ya Wabelgiji iliyaandika majina hayo katika vitambulisho, na kilichokuwa chepesi kikawa kigumu kama jiwe. Mwaka 1994, tangu Aprili hata Julai, vitambulisho hivyo viliulizwa katika vizuizi vya barabarani. Aliyeandikwa Mtutsi aliuawa. Na Wahutu wengi waliokataa kuua, au waliopinga, waliuawa pamoja nao. Umoja wa Mataifa uliwahi kuhesabu watu laki nane, na serikali ya Rwanda huhesabu zaidi ya milioni moja. Kabla ya mapanga yalitangulia maneno: Watutsi waliitwa mende, redioni na magazetini.

Tuzingatie jambo hilo la mwisho. Katika Kiswahili, mtu akitaka kumdharau mwenziwe humwondoa katika ngeli ya watu. Husema "kijitu kile kimefika", au "jitu lile limekaa pale". Lugha yenyewe yashuhudia dhambi hiyo. Watu wa pwani waliuza watumwa katika soko la Unguja mpaka lilipofungwa mwaka 1873, nao waliwahesabu kama bidhaa. Lakini walipotaka kusema kwamba mtumwa yuko mlangoni, iliwabidi kusema "mtumwa amefika", kama wasemavyo "sultani amefika". Sarufi haikuwapa ngeli nyingine. Haikumweka Mzungu katika ngeli yake na Mwafrika katika yake.

Sasa elimu ya viumbe yasemaje? Yasema neno lile lile, tena kwa vipimo. Mwaka 1901 Karl Landsteiner wa Vienna alitangaza kwamba damu ya watu ina makundi. Mswidi na Mnyamwezi wenye damu ya kundi moja waweza kuokoana hospitalini. Na ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, wakiwa na makundi yasiyopatana, mmoja akimpa mwenziwe damu aweza kumwua. Mwaka 1972 Mmarekani Richard Lewontin alizipima tofauti za urithi kati ya watu wa dunia, akaona kwamba asilimia 85 hivi ya tofauti hizo zimo ndani ya jamii moja moja, si kati ya jamii na jamii. Watu wawili wo wote, wachukuliwe mahali po pote duniani, maandishi ya seli zao yalingana karibu asilimia 99.9. Tena tofauti nyingi kuliko zote zapatikana ndani ya Afrika yenyewe, ambako ndiko asili ya watu wote. Kwa hiyo neno "Mwafrika", katika elimu ya urithi, halitaji aina moja ya mwili.

Ugonjwa wa selimundu watufundisha vizuri jambo hili. Wengi walidhani kuwa ni ugonjwa wa watu weusi. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, baada ya kuchunguza damu za watu wa Afrika Mashariki, alionyesha kwamba yule aliyerithi mbegu ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana ugonjwa huo wapatikana pia Ugiriki, Bara Arabu na India, mahali malaria ilipokuwa kali, na ni haba kwa Waafrika wengi wa kusini kabisa, mahali isipokuwako. Ugonjwa huu haufuati rangi; wafuata mbu. Daktari atazamaye ngozi badala ya damu atamwacha mgonjwa Mgiriki bila matibabu yampasayo.

Mtu aweza kutujibu hivi: "Lakini makabila yapo. Lugha zetu ni mbalimbali, mila ni mbalimbali, na vyakula vyetu pia. Je, mwataka tujifanye hatuoni?" La hasha. Tofauti hizo ni za kweli, na nyingine ni urithi wa thamani ufaao kutunzwa. Lakini tuziweke mahali pake. Mtoto wa Mchaga akilelewa tangu uchanga kwa Wasukuma, atasema Kisukuma na kucheza ngoma za Kisukuma. Mtoto wa chui akinyonyeshwa na paka hatakuwa paka. Tofauti ya kwanza hufundishwa. Ya pili huzaliwa. Kosa la walioandika vitambulisho lilikuwa kulichukua jambo la mafundisho na kuliandika kana kwamba ni jambo la mbegu.

Mwingine atasema kinyume: "Ikiwa kupanga kumeleta maovu hayo yote, si heri tuache kupanga?" Naye twamkumbusha mbu wa Upare. Asiyetenga hawezi kumtambua adui, wala dawa, wala sumu. Uyoga wa kuliwa na uyoga wa kuua hukua pamoja katika msitu mmoja, na mama wa nyumbani asiyeutofautisha ataizika jamaa yake. Hakuna njia ya kukwepa kazi hii. Tumepewa akili ya kutofautisha, na haki yadai tuitumie kwa uaminifu, tukitenga palipo na mpaka, na kuunganisha pasipo na mpaka.

Basi yafuatayo twaona yafaa. Walimu wasiridhike na kukaririsha yale maneno saba. Wawatoe watoto nje wakusanye majani, wadudu na magamba ya konokono, wawaache wayapange wenyewe, kisha wawaulize: "Kwa sababu gani umeviweka hivi viwili pamoja?" Mtoto aliyezoea kutoa sababu ya kuwapanga mende na panzi, hatakubali kwa urahisi siku atakapoambiwa awapange jirani zake bila sababu. Maofisa nao, watengenezapo fomu yenye nafasi ya kuandika kabila au rangi, wajiulize: nafasi hii ni ya faida gani kwa huyu aijazaye, na itatumiwaje na mtu mbaya akiipata mkononi? Rwanda, baada ya maafa yale, iliyaondoa majina hayo katika vitambulisho; haikungoja somo la pili.

Na sisi sote tuuangalie ulimi. Ndani ya nyumba zetu, sokoni, na wakati wa uchaguzi, husikika watu wakiitwa mende, nyoka, fisi, kunguni. Asemaye hudhani anafanya mzaha. Lakini nyoka ni nyoka, ana jina lake na kazi yake porini, na kunguni vivyo hivyo. Tumwachie kila mmoja jina lake, na jirani yetu tumwite mtu. Watoto wasikiao nyumbani ndio watakaojifunza kwetu ni yupi wa kuhesabiwa katika ngeli ya watu, nao hawatangoja mwalimu wa biolojia awafundishe.